Tulipowafagilia Wageni

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ya barua iliyopita ilifika imechakaa kwa safari. Mimi mzima, ni mgongo tu na cherehani ndio hawaelewani. Natumaini mashuka ya hoteli hayajakumaliza mikono. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa Mama, sawa Mama" huku nasikia mashine ya kufulia inanguruma nyuma yako, na hili nataka ulisome ukiwa umekaa.

Ni mwanao. Unakumbuka tulimpa jina la Chiriku kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake? Sasa amenyamaza. Anakaa kwenye kizingiti ameshika tumbo, watoto wenzake wakija kumwita anawatazama tu. Mwalimu wake ameniita akaniambia herufi alizozijua mwaka jana mwaka huu anazikodolea macho kama hajawahi kuonana nazo. Nikasema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Nikasema ni kukukumbuka wewe, nikamtolea picha yako. Mwishowe nesi wa zahanati alimtoa damu ikapelekwa hospitali kubwa, na majibu yamerudi. Damu ya mtoto ina madini ya risasi. Nikamuuliza nesi, risasi hii ya bunduki? Akasema ni madini hayo hayo, ila haya hayapigwi, yanavutwa na kulambwa.

Sikuuliza yanatoka wapi. Mwenye macho haambiwi tazama. Hicho kiwanda nyuma ya ukuta wetu kinayeyusha betri chakavu za magari usiku na mchana, na mabaki ya tanuri wanayarundika nje, mvua ikinyesha yanashuka hadi uani kwangu. Ninafagia asubuhi, jioni vumbi la kijivu limerudi kukaa mahali pake kama mwenye nyumba.

Nikaenda getini na Mama Pacha, jirani yetu wa watoto mapacha, maana wanawe nao wanaumwa matumbo. Meneja akatoka na shati lake jeupe, akabaki upande wa pili wa geti. Unajua aliniambia nini? "Mama, haya ni magonjwa ya uchafu. Wafundisheni watoto kunawa mikono. Sisi tuna kibali."

Uchafu! Mimi! Mimi ambaye marehemu baba yako alikuwa akivua viatu nje hata mvua ikimnyeshea! Mtu ananimwagia majivu uani, kisha ananiita mchafu mbele ya mlinzi wake. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na sidhani kama ni mgongo.

Kuna wakili wa msaada wa kisheria amesikia habari zetu, atakuja kuzungumza na mtaa mzima Jumamosi. Nitakuandikia.

Mama yako

19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili haujambo, moyo ndio usiniulize. Barua yako niliisomea chumba cha pasi kwa sababu sikuweza kusubiri, nikaunguza foronya ya watu. Msimamizi amenisema mpaka amechoka, nami nilikuwa simsikii hata neno.

Mama, mtoe mtoto hapo. Leo, si kesho. Mpeleke kwa mama mdogo kule mashambani, ana nafasi na anampenda. Nesi hakukwambia kwamba dawa ya kwanza ni kumwondoa kwenye sumu? Najua alikwambia, na najua wewe ndiye uliyeruka sentensi hiyo ulipokuwa unaniandikia. Nakujua.

Na huyo meneja, Mungu anisamehe. Mimi huku nafua mashuka ya watu wanaolala usiku mmoja na kuacha kitanda kama uwanja wa vita, na hakuna anayewaita wachafu. Uchafu wa mwenye pesa una jina lake, unaitwa kazi ya wengine.

Wakili akija msikilizeni. Kampuni ikileta karatasi yoyote ya kusaini, msisaini kabla yeye hajaisoma. Na mtoto aondoke, Mama, nakuomba.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu tunaamka. Pole kwa foronya, na mwambie msimamizi wako kwamba mtu mwenye mtoto mgonjwa hapigi pasi, anapigwa yeye.

Ni kweli nesi alisema mtoto aondoke. Niliruka, umenipata. Lakini nisikilize nami. Nikimhamisha Chiriku, nitakuwa nimekubali kwamba wa kuhama ni sisi. Nyumba hii ilikuwapo kabla ya kiwanda. Aliyekuja nyuma ndiye apishe. Namwogesha mara mbili kwa siku, nafagia mara tatu, namfungia madirisha. Vumbi halijawahi kunishinda.

Sasa wakili. Nilitegemea mwanamume mwenye kitambi na mkoba, akaja binti mdogo, miwani inamteleza puani, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba ya rangi nyingine. Nikasema moyoni, tumekwisha. Alipofungua mdomo nikajuta kusema. Akatueleza kwamba tuna njia zaidi ya moja. Tunaweza kupeleka malalamiko kwa wasimamizi wa mazingira, nao wana uwezo wa kukagua, kutoza faini, hata kufuta kibali. Tukacheka wote, maana tulishapeleka na jibu bado liko njiani linachechemea. Au kila mmoja anaweza kushtaki peke yake kwa madhara ya mwanawe na ua wake, ila kila mmoja atabeba mzigo wake wa kuthibitisha. Au tunakwenda mahakamani pamoja, kesi moja, tukiomba vitu vitatu: tanuri lizimwe kesi ikiendelea, watoto watibiwe, na udongo uliochafuliwa uondolewe. Akasema iko kanuni kwamba aliyechafua ndiye asafishe, tena kwa gharama yake.

Nikanyoosha mkono nikamwambia, "Kumbe sheria nayo ililelewa na mama." Hilo Chiriku analijua tangu anatambaa. Aliyemwaga uji ndiye anayepangusa.

Kampuni nayo haikulala. Imeleta karatasi: ukisaini, mtoto wako atapimwa bure kwenye kliniki yao, nawe hutawashtaki tena maisha yako yote. Mwenyekiti wa mtaa akasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Mama Pacha akamuuliza, "Na hiyo nusu, itakaa kwako au kwangu?" maana mwenyekiti anaishi kule juu ambako moshi haufiki. Kidole kimoja hakivunji chawa, tumekubali kesi ya pamoja, na mdai wa kwanza ni mimi, kwa niaba ya mjukuu wangu. Nimevaa lile gauni la bluu kwenda kuapa.

Mahakama imeteua mpimaji wake. Atakuja mwenyewe kuchukua udongo na vumbi kwenye nyumba zetu, pamoja na karani wa mahakama na mawakili wa pande zote. Wakili wetu katuambia tuwe tayari. Sisi tuko tayari.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi hata nimewasimulia wenzangu wa zamu, mmoja anataka akuajiri uwe mama yake. Bado nina hasira kuhusu mtoto, usidhani nimesahau kwa sababu nacheka.

Nina neno moja tu kuhusu mpimaji. Msiguse kitu. Vumbi lilivyo, mabaki yalivyo, lile dimbwi la maji ya rangi nyuma ya choo, yote yabaki hivyo hivyo ayaone kwa macho yake. Najua unajua, lakini naandika ili nilale.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena! Leo nakuandikia moyo mweupe. Wageni wamekuja, na nakuambia, hatukukuaibisha. Jibu lako la barua yangu ya mwisho bado halijafika, posta wanalikalia, lakini habari hii haiwezi kusubiri.

Tulianza siku kadhaa kabla. Meneja si alisema sisi ni wachafu? Tukasema basi, mahakama itakuja kujionea nani mchafu. Wanawake wa mtaa mzima tulifagia nyua zote hadi nyufa za kuta. Vumbi lote la kijivu tulilikusanya kwenye magunia, gari la taka likalibeba likaenda zake. Vijana wa mkokoteni wakatuletea mchanga wa mtoni, mweupe, tukautandaza nyua zote ukawa kama mkeka mpya. Kuta tulizipaka chokaa. Lile dimbwi nyuma ya choo tulilifukia. Mapazia nilifua yote, nikapanda hata juu ya kabati. Mama Pacha alipiga deki mpaka mapacha wake wakateleza wakaanguka mmoja juu ya mwingine.

Watoto tuliwaogesha, tukawapaka mafuta, tukawavalisha nguo za sikukuu. Nikamwambia Chiriku, wageni wakiwapo usishike tumbo, si adabu. Akakaa wima kwenye kiti kama bibi harusi, maskini, na jasho linamtoka.

Gari likafika. Wakili wetu aliposhuka alisimama akaweka mkono mdomoni. Nikajua amependezwa. Mpimaji, mzee mpole, alichota mchanga wa uani kwangu akautia kwenye vichupa, akapangusa ukuta kwa kitambaa, akaandika. Tukawakaribisha viti vya ndani, tukawapa maji ya kunywa ya kununua. Wakili wa kampuni alinisifu. Alisema, "Mama, nyumba yako inang'aa." Nikamwambia, "Kamwambie bosi wako." Wote wakacheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee. Naona tunapona.

Mama yako

14 Mei

Mama,

Mlifagia?

Mlichukua sumu yote mkaitia kwenye magunia mkaipakia kwenye gari la taka, halafu mkampa mpimaji mchanga wa mtoni apime? Mama, wakili wetu hakupendezwa, alikuwa anaona kesi inakufa! Huyo wa kampuni alicheka kwa sababu mlimfanyia kazi yake, tena bure, na maji ya kunywa juu!

Na mwanangu mwenye tumbo linalouma umemwambia asilishike.

Siwezi kuendelea kuandika.

22 Juni

Mwanangu,

Sijaipata salamu yako tangu barua ile isiyo na jina chini. Simu zangu unazikata. Sikulaumu. Barua yako ya "msiguse kitu" ilifika siku mbili baada ya wageni. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaketi chini pale pale.

Afya yangu ni ya mtu aliyepigwa. Ripoti ilisomwa mahakamani. Nyua za wakazi ni safi. Kuta ni safi. Wakili wa kampuni akasimama, akarekebisha tai yake, akasema wateja wake wamefurahi kuona kwamba wakazi wanaishi katika mazingira bora kuliko mitaa mingi ya jiji, na kwa hiyo kama kuna watoto wenye madini kwenye damu, basi chanzo kitafutwe kwingine, pengine kwenye rangi ya midoli au vyombo vya jikoni. Akaonyesha picha. Picha ya ua wangu! Mchanga wangu, chokaa yangu, na Chiriku kwenye kiti na gauni lake la sikukuu. Yule mtoto alikuwa anajikaza kwa amri yangu, na wao wakamgeuza ushahidi kwamba ni mzima.

Nilifunika kombe, mwanaharamu akapita kweli.

Sasa nikwambie kinachonichoma, na usinijibu haraka. Mara ya kwanza nilikwenda getini nikaambiwa naumwa kwa kuwa ni mchafu. Nimekwenda mahakamani nimeambiwa siumwi kwa kuwa ni safi. Maskini akae vipi ndipo aaminiwe? Nilitakiwa niwapokee nikiwa na matongotongo, mtoto anagaagaa chini, ndipo waseme kweli hawa wana shida? Hao matajiri wakiibiwa, mbona polisi hawawaambii wavue kwanza nguo nzuri? Mimi nilisafisha kwa sababu ni kwangu! Ni haki yangu kuwa msafi na ni haki yangu kutotiliwa sumu, na sijaona mahali palipoandikwa nichague moja.

Nilimwambia wakili maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, korido nzima ikageuka. Yule binti akavua miwani akaifuta, akasema, "Bibi, umesema kweli, lakini hakimu hapimi ukweli, anapima udongo." Kisha akasema hajakata tamaa. Alirudi mahakamani akaeleza kwamba mchanga ule ni wa kuletwa, akamleta hata kijana wa mkokoteni akaapa, na hakimu amekubali tupimwe tena. Safari hii mpimaji atachimba chini ya mchanga, atapanda hadi juu ya dari, na hatatuambia anakuja siku gani. Sharti ni moja: asikute mkono wa mtu umepita. Hatufagii. Hatupangusi. Vumbi litulie linapotaka kutulia, mpaka aje.

Kwa hiyo watoto hawawezi kukaa hapa, kila mmoja anatafutiwa ndugu wa kumpokea. Ulisema kweli tangu mwanzo, mimi nilidhani ufagio wangu una nguvu kuliko tanuri. Jana nimempeleka kwa mama yako mdogo. Alinishika gauni kituoni akaniuliza, "Bibi, nimekosa nini?" Hilo ndilo lililonitoa machozi, si ripoti. Nikamwambia hajakosa, anakwenda kutibiwa, nyumba ikiwa safi kabisa nitamwita. Sikujua kwamba nitakuja kumwahidi mtu nyumba safi halafu nirudi kuiacha ichafuke kwa makusudi.

Ukitaka kuandika, andika. Usipotaka, nitaendelea kukusalimia tu.

Mama yako

5 Julai

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuikalia salamu hii muda wote huo.

Nimezungumza na Chiriku kwa simu ya mama mdogo. Alinisimulia habari za kuku mmoja mpaka salio likaisha. Hakumaliza. Mama, alikuwa ANASEMA. Nimelia kwenye chumba cha pasi, na safari hii nilizima pasi kwanza.

Ulichouliza kuhusu maskini akae vipi nimewasomea wenzangu, wakaniomba nirudie. Mimi huku nimeambiwa nikipita kwenye ukumbi wa wageni nitembee kwenye kingo za ukuta, nisionekane. Nasafisha mahali ambapo sitakiwi kuonekana, na wewe umeonekana msafi ukaadhibiwa. Nilikukasirikia kwa kuwa wewe uko karibu na meneja yuko mbali, hiyo ndiyo kweli yake.

Sasa shika neno hili, Mama: USIFAGIE. Najua mkono utawasha. Ukiwasha, shona. Na ufunge kitambaa puani kama nesi alivyosema, usinifanyie ushujaa.

Mwanao

18 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na jina lako chini ya barua nimelibusu kabisa, Mama Pacha ni shahidi na amenicheka.

Mimi mzima, ila mchafu. Niseme tu. Tulikubaliana kukusanya fagio zote za mtaa ziwekwe chumbani kwangu, nyuma ya cherehani, kila mmoja umefungwa kipande cha kitambaa ili mwenyewe aujue. Mlango naufunga kwa kufuli, ufunguo uko shingoni. Usidhani ni utani. Wiki ya kwanza nilimkamata jirani wa kona anapangusa meza kwa pindo la gauni akidhani hakuna anayemwona. Mwingine alikuja kuniomba ufagio wake "niutazame tu." Mimi mwenyewe, nikwambie kweli, asubuhi moja nilijikuta nimeinama uani na tawi mkononi, mkono umeshaanza wenyewe. Nikalitupa kama limeniuma.

Vumbi likarudi, mwanangu. Lilikuwa limeona raha tu ya kungojewa. Kwenye kabati, kwenye dirisha, kwenye jani la kila mti, kijivu. Nashona sare za shule nimezifunika kwa plastiki.

Sikiliza sasa walichofanya. Kampuni imesikia kwamba mpimaji atarudi. Siku ya Jumatatu asubuhi likaja gari la maji, na nyuma yake vijana wamevaa fulana mpya zimeandikwa kwamba kampuni inajali jirani zake, kila mmoja na ufagio! Wamekuja kutusafishia mtaa! Miaka yote hiyo tumekula majivu yao, leo wametupenda!

Sikungoja mkutano. Nilibeba cherehani, Mama Pacha akashika upande wa pili, tukaiweka katikati ya barabara mbele ya lile gari. Nikavuta kigoda nikakaa nikaanza kushona kola. Wanawake wakatoka mmoja mmoja na vigoda vyao, mwingine na mboga zake za kuchambua, barabara ikajaa. Dereva akapiga honi. Nikamwambia, "Piga, mwanangu, mimi hii mashine imeshaniharibu masikio." Vijana wa fulana wakasimama na fagio zao hawajui wazipeleke wapi, na nadhani mmoja wao mamaye alikuwa amekaa pale pale barabarani, maana alijificha nyuma ya gurudumu.

Meneja akaitwa. Akaja na shati lile lile jeupe. Akaniuliza, "Mama, mbona mnakataa usafi?"

Nikamwambia, "Si ulisema sisi ni wachafu? Basi tuachie uchafu wetu. Tunautunza."

Wakili wetu akafika mbio, akampigia picha yeye na gari lake na fulana zake. Gari likarudi kinyumenyume hadi kona.

Mpimaji alikuja siku chache baadaye, bila taarifa, kama alivyoahidi. Mwanangu, nilitaka ardhi inimeze. Yule mzee mpole alipitisha kidole juu ya kabati langu kikaacha mstari. Aliingia mpaka chumbani, akapanda darini, akashuka na nywele za kijivu zaidi ya alizokuja nazo. Nilimwambia, "Baba, kwangu hakuko hivi." Akanijibu, "Najua. Nilikuja siku ile." Alichimba chini ya mchanga wa mtoni akafika kwenye udongo wenyewe, akautazama, akanawa mikono kwa maji aliyokuja nayo kwenye gari. Maji yangu ya kunywa hakuyagusa, wala sikumkaribisha.

Tunangoja.

Mama yako

24 Septemba

Mama,

Shikamoo. Kila siku natazama sanduku la barua mpaka mpishi ananiuliza kama nina mchumba. Nimemwambia ninaye, anaitwa Hakimu.

Picha ya cherehani barabarani wakili alinitumia. Nimeibandika ndani ya kabati langu la kazini.

Chiriku kapimwa tena, madini yanapungua. Mama mdogo anasema anaanza kusoma vibao vya dukani kwa sauti, hata vile vya matusi. Anauliza kama nyumba imeshakuwa safi. Nimjibu nini?

Mwanao

30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na umwambie mama yako mdogo nami namsalimu, na kuku wake. Mimi sijambo. Safari hii ninaposema sijambo, amini.

Udongo umesema. Hakimu alisoma ripoti ya pili kwa sauti ya kuchoka, lakini alisoma yote, darini, kabatini, chini ya mchanga. Kila kitu kilikuwa na risasi, na ni ile ile ya mabaki ya tanuri lao. Ameamuru tanuri lizimwe. Ameamuru kampuni ilipie matibabu ya watoto wote wa kesi hii, kwenye hospitali tutakayoichagua sisi. Na ameamuru waondoe udongo uliochafuliwa na kusafisha kila nyumba, chini ya macho ya mpimaji wa mahakama, hadi apime na kuridhika. Mambo ya fidia bado yanaendelea, na wao wamekata rufaa, wakili anasema ngoma haijaisha. Sikushangilia. Watu waliniuliza mbona sishangilii. Nikawaambia, nimepewa kilichokuwa changu na mtoto wangu ameugua njiani, nishangilie nini? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wao walitunyonga kwanza, haki wameileta jioni.

Basi jana tukaambiwa kwamba wasafishaji wa kampuni wanakuja leo. Sijamaliza chakula cha mchana, Mama Pacha huyu hapa mlangoni, macho chini. "Jirani," akasema, "nipe ufagio wangu." Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Kesho watu wanakuja kusafisha. Wataikutaje nyumba yangu chafu hivi?"

Nilicheka hadi nikakaa. Kisha nikaona mkono wangu nao umeshashika ufunguo shingoni.

Hatukufagia. Tulikaa naye kizingitini hadi giza likaingia, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Leo asubuhi wakaja. Malori, mashine za kunyonya vumbi zenye mabomba marefu, vijana wamevaa vifuniko vya uso. Sisi tuliovuta vumbi hilo miaka yote hatukuwahi kupewa hata kitambaa. Amri inasema kiongozi wa kampuni awepo mwenyewe, kwa hiyo meneja akaja mlangoni kwangu. Shati jeupe. Akasimama kwenye kizingiti alipokuwa anakaa Chiriku na tumbo lake, akangoja nimkaribishe.

Mwanangu, mimi sijawahi kumwacha mtu mlangoni bila neno, hata mdai wa kodi. Sikusema karibu. Sikumpa kiti. Nyuma yangu nyumba ilikuwa chafu kuliko ilivyowahi kuwa tangu niolewe, vumbi juu ya kila kitu, na sikuomba radhi. Akakohoa. Akajikagua mikono. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo getini hakuwa nayo, "Mama, tuanzie wapi?"

Mwambie mwanao nyumba inasafishwa, na anayesafisha si bibi yake. Ikishapimwa nitamwita. Mambo ya mashine zao sikuyajali. Nilitoa ufunguo shingoni, nikafungua mlango wa chumba cha cherehani, nikamwonyesha ufagio ulipo.

Mama yako